Nilikaa kwa Sharti Langu

Mume wangu alikuwa mnunuzi wa kamba wa baharini. Miaka ile biashara zilipofunguliwa, matajiri wa Dar es Salaam walituma watu wao mpaka ndani kabisa ya delta, mto unapogawanyika kuingia baharini, naye akawa mmoja wao. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ikikaribia, alipakia masanduku ya barafu, akateremka mpaka kwenye boti, akaenda Salale. Huko alikaa dagoni, kambi ya wavuvi katikati ya mikoko, akinunua kamba kutoka kwa watu waliokuwa ndio kwanza wametoka majini. Maji yakifa, wavuvi walipumzisha nyavu naye akarudi nyumbani Ikwiriri. Ndivyo ndoa yetu ilivyokwenda: bamvua sina mume, maji mafu ninaye.

Mimi nilikuwa na banda la chakula karibu na stendi. Mabasi ya kusini yalisimama pale kabla ya kwenda kusubiri pantoni mtoni, na mvua zikichachamaa abiria waliweza kulala Ikwiriri hata siku kadhaa. Nyumba za wageni zilijaa, na mimi nilipika wali na samaki mpaka sufuria zikabakia ukoko. Tulikuwa na binti mmoja tu, aliyekuwa darasa la pili.

Kiangazi kimoja mume wangu alirudi, akatandika mkeka barazani akalala huko. Alisema mgongo unamuuma na kitanda kina bonde. Nikamwelewa. Safari iliyofuata alirudi akatandika mkeka tena. Safari ya tatu nilimngoja amalize kula, nikamwambia, "Kama umeoa Salale niambie mwenyewe. Nisije nikasikia kwa abiria."

"Sijaoa," alisema.

"Basi mgongo huo una nini?"

Alinawa mikono taratibu. "Kesho tufuatane shamba. Hapa kuna masikio."

Mpunga wetu ulikuwa unaanza kukomaa, na ulikuwa wakati wa kuamia ndege. Asubuhi, binti alipokwisha kwenda shule, tulipanda kwenye dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa juu yake kulinda shamba. Mume wangu alikaa akinipa mgongo, akawa anarusha madongo kwa kombeo. Ndege wakaruka, wakazunguka, wakatua upande wa pili.

"Mwenzangu wa dagoni, yule tuliyemzika mwaka jana, unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Walisema karogwa."

"Hakurogwa." Alirusha dongo jingine. "Kulikuwa na mwanamke akitupikia kule. Alikuwa wake. Halafu akawa wangu pia. Nilipopeleka mzigo Dar nikaenda kupima. Ninao."

Akaendelea huku bado akitazama mpunga. "Tangu nilipojua sijakugusa. Ndio huo mgongo."

"Na kabla hujajua?"

"Kabla sijajua, sijui."

Nilishuka ngazi. Nilitembea mpaka mwisho wa shamba, miguu ikizama kwenye tope, nikasimama pale kwenye mpaka wa jirani. Nilikuwa na hasira. Nilimfikiria yule mwanamke aliyekuwa akipika kama ninavyopika mimi, nikashindwa hata kumchukia vizuri, maana huenda naye hakuambiwa na mtu. Nikamfikiria binti yetu. Kisha nikafikiria jambo ambalo mpaka leo nadhani ndilo lililonirudisha kwenye lile dungu. Pale mtaani kwetu nilikuwa nimekwisha kuosha maiti za wanawake ambao waume zao walijua na wakanyamaza. Huyu wangu angeweza kupanda kitandani na kunyamaza. Alichagua mkeka.

Nikarudi. Nikamwambia, "Kwanza nijue mimi nikoje. Mengine baadaye."

Katika zahanati yetu kulikuwa na nesi mmoja mwanamke, mtu wa nyanda za juu, Mkristo, aliyehamishiwa kwetu akiwa hana ndugu wala jamaa. Alikula bandani kwangu karibu kila mchana, na alikuwa hajazoea nazi, basi nilimpikia mboga zake bila tui. Kwa hiyo tulikuwa tumezoeana. Mchana ule nilimfuata zahanati wagonjwa walipopungua, nikafunga mlango nyuma yangu nikamweleza yote.

Hakushtuka, wala hakunipa pole nyingi. Aliniambia kupima ni Dar es Salaam, akanieleza mahali penye watu wanaozungumza nawe kwanza kabla ya kukutoa damu. Akaniambia nirudie tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu ugonjwa ukiwa mchanga unaweza kujificha kwenye damu.

"Nesi," nikamuuliza, "mtu anaweza kukaa na mume mwenye ugonjwa huu na asiupate?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na kwa kufikiri kule nikamwamini. "Anaweza. Lakini si kwa bahati, dada. Ni kwa kondomu, na ni kila mara. Ukiacha mara moja, zile zote ulizotumia nyuma hazikulindi na hiyo moja."

Nilikwenda Dar, barabara ikiwa ile ya mashimo na mchanga, basi likitoka alfajiri na kufika jua limekuchwa. Nililala kwa shangazi yangu nikamwambia nimefuata vitambaa. Majibu yakaja: sina. Nikarudi nikakaa ile miezi, mume wangu barazani na mimi ndani. Nikaenda tena. Sina. Yule mshauri alinitazama akaniuliza kama nina mtu wa kunisaidia. Nikamwambia ninaye nesi. Nilipotoka nje niliegemea ukuta wa jengo lile, nikalia mpaka nikatosheka. Nilikuwa nimepewa maisha yangu mkononi, na sasa nilitakiwa niyashike.

Mama yangu mzazi, aliyekuwa akiishi milimani huko Umatumbini, nilimwambia. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Rudi nyumbani," alisema. "Mtu halali kwenye nyumba inayoungua."

"Nyumba haiungui, mama. Kuna moto jikoni, nami najua uko wapi."

"Moto unaenea."

"Ukiachwa."

Hakuridhika, lakini hakunilazimisha.

Siku niliyoamua, nilimwita mume wangu chumbani mchana, mlango wazi, jua likiingia. Nikamwambia, "Nitakaa. Nitakupikia, na ukiugua nitakuuguza. Ingia ulale ndani, utaumwa mgongo kweli. Lakini ugonjwa huu siutaki, na sitaupokea kwa kukuonea huruma. Ni kondomu kila mara. Siku haipo, hakuna kitu. Na usije ukanipima kwa hilo kama nakupenda."

Alikuwa ameshika kofia yake, anaizungusha vidoleni. "Mimi ni binadamu," alisema. "Siku nyingine nitakuomba. Siku hiyo nikatalie."

"Nitakukatalia."

Nesi alinifundisha kwa gunzi la muhindi. Alinionyesha kutazama tarehe kwenye pakiti, kubana ile ncha hewa itoke, kutoiweka juani wala kwenye joto la jiko. Nilirudia mpaka akaridhika. Tulicheka kidogo siku ile, wanawake wawili wazima na gunzi lao, halafu tukaacha kucheka.

Kuzipata ndiyo ilikuwa kazi. Zahanati wakati mwingine walikuwa nazo, wakati mwingine hawana. Madukani zilikuwepo, kwa kuwa miaka ile maduka yalijaa kila kitu, lakini mwanamke wa Kiislamu mwenye khanga yake kusimama mbele ya watu na kutaja kitu kile, ilikuwa kama kuvua nguo. Mara ya kwanza mwenye duka alipaza sauti kumuuliza mwenzake wa stoo, "Soksi zipo? Mama wa banda anataka soksi." Wanaume waliokaa kwenye benchi wakageuka. Nilihisi uso unawaka, lakini sikuondoka. Nikasema, "Nipe pakiti mbili, na uniangalizie tarehe." Mara ya pili alinipa bila kupaza sauti. Mara ya tatu alikuwa ameniwekea.

Uvumi nao ulikuwa mwingi. Walisema kondomu zenyewe ndizo zenye ugonjwa, kwamba ukitia maji ukaanika juani utaona wadudu wanacheza. Siku moja utingo wawili wa lori la ufuta walikuwa wanakula bandani kwangu, wakiapa kwamba wamesikia kwa mtu aliyewaona. Niliwasikiliza huku nikiwapakulia. Kisha nikaingia ndani nikachukua moja, nikaijaza maji, nikaifunga, nikaitundika kwenye msumari palipo na jua kali.

"Kuleni," nikawaambia. "Mkimaliza mje mnionyeshe mdudu."

Walikula wakiitazama. Walipomaliza tukasogea, na watu wengine watatu wanne wakasogea nasi. Maji yalikuwa maji. Mmoja akasema, "Wadogo sana hao, hawaonekani kwa macho."

"Basi aliyewaona alitumia nini?"

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Mwenzake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwani wewe zako za nini?"

"Za kutumia," nikamjibu.

Tangu siku ile niliweka pakiti bandani, nyuma ya birika. Aliyetaka alisema tu anataka chai ya nyuma, na mimi nilimwelewa. Walikuwapo walioacha kula kwangu. Walisema mumewe amekanyaga waya, angalieni alivyokonda. Kuna mwezi nilirudi nyumbani na sufuria ya wali haijaguswa hata nusu, nikawapa majirani wakala wao. Lakini madereva wa masafa hawakuacha. Wali wangu walikuwa wanaujua.

Mume wangu naye akaanza kuzipeleka Salale. Alizifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaziweka mbali na maji ya barafu. Mwanzoni wale vijana wa dagoni walimcheka, wakamuuliza kama amekuwa bwana afya. Aliniambia kwamba siku moja alivua shati akawaonyesha mbavu zake. Akawaambia, "Mimi sikuambiwa na mtu. Nyinyi nimewaambia." Hakuna aliyecheka tena, na mfuko ulirudi mtupu.

Mvua zile kubwa zilipokuja na mto ukajaa kupita kiasi, nyumba ya mama mkwe wangu huko delta ilichukuliwa na maji. Mume wangu akamleta kwetu. Alikuwa mama wa Kindengereko, mwembamba, mwenye ulimi mkali na mikono isiyokaa bila kazi. Ukili wa mkeka ulikuwa hautoki mikononi mwake. Nilimpenda, lakini nilimwogopa. Kila jioni aliuliza jambo moja: "Huyu mtoto atakuwa peke yake mpaka lini?"

"Mungu akipenda, mama."

"Mungu anapenda. Nyie je?"

Jua lilipotoka baada ya mvua, alitoa magodoro yote aanike. Nilirudi kutoka bandani nikamkuta amekaa kizingitini, pakiti zangu za kwenye kisanduku cha uvunguni amezipanga mbele yake kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Mwanangu akienda Salale, wewe unafanya nini na hizi?"

"Mama, si hivyo."

"Nina macho. Mwanamke mwenye mume na anataka kuzaa, hivi ni vya nini? Hapo stendi nasikia wanaume wanakuja kwako kuomba chai ambayo si chai." Akaanza kusema Kindengereko, kwa haraka, maneno ambayo sikuyafahamu yote na niliyoyafahamu yaliniuma.

Ningeweza kujitetea kwa sentensi moja. Lakini siri ile haikuwa yangu kuitoa kwa mama yake. Nikakaa chini mbele yake, nikanyamaza, naye akazidi kukasirika kwa ule unyamavu wangu.

Mume wangu alitokea kwa nyuma, ametoka msikitini. Alisimama akautazama ungo. Kisha akachuchumaa karibu na mama yake.

"Mama, muache. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ninao ugonjwa. Yeye hana. Hivi ndivyo vinavyofanya asiwe nao."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akamtazama tena mwanawe. "Muda gani?"

"Muda mrefu."

"Na huyu anajua siku zote?"

"Siku zote."

Alichukua pakiti moja moja, akazirudisha kwenye kisanduku. Alizipanga vizuri. Alinipa kile kisanduku, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Hakutoka mpaka alasiri ya siku ya pili. Alipotoka alikwenda moja kwa moja jikoni kwangu, akachukua kisu, akaanza kuparua samaki. Hakuniomba radhi kwa maneno, wala sikutaka. Lile swali la mtoto hakuliuliza tena.

Aliyeliuliza alikuwa mume wangu. Ilikuwa masika ya mwaka uliofuata. Barabara ilikatika, pantoni ikasimama, magari ya mizigo hayakufika, na madukani pakiti zikaisha. Zahanati hawakuwa nazo. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda Salale, akawa nyumbani siku zote, mvua ikipiga bati. Mchana mmoja, binti yuko shule, alinishika mkono.

"Mara moja tu," alisema. "Natamani mtoto wa pili. Natamani kuacha mtu."

Sitasema kwamba sikutamani. Nilikuwa na umri wa kuzaa, na nilimpenda, na alikuwa ameniomba kwa upole. Mtu akiombwa kwa ukali ni rahisi kukataa.

"Umemwacha yule aliye shule," nikamwambia. "Nikifa mimi baada yako, huyo atakuwa wa nani?"

"Mara moja, mwenzangu."

"Ulisema siku utakayoomba nikukatalie. Nakukatalia."

Aliuachia mkono wangu. Alitoka akaenda kwenye mvua bila mwavuli, nikadhani amekasirika na huenda asirudi. Kumbe alikwenda bandani. Nilipomfuata baadaye nilimkuta amekaa kwenye kigoda, amelowa, anamenya vitunguu vya jioni. Alikuwa hajui kumenya, amevichanachana vyote. Nilikaa nikachukua kisu cha pili.

Ukuta wetu wa chumbani ulikuwa haufiki kwenye bati, na mama mkwe alikuwa chumba cha pili akisuka ukili. Sikujua kama alisikia. Nilijua siku chache baadaye, nesi alipokuja kula.

"Mama mkwe wako alikuwa kwangu asubuhi," alisema.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Dawa zetu zimeletwa jana kwa trekta. Alipanga foleni na akina mama wa kliniki, zamu yake ikafika. Nikamuuliza, bibi, unasumbuliwa na nini? Akasema, sisumbuliwi, nataka zile za mwanangu na mkewe. Nikataka kumwingiza ndani tuzungumze kwa siri. Akakataa. Akasema, nipe hapa hapa niwahi, mvua itanilowesha njiani."

Nilirudi nyumbani nikakuta kisanduku kimejaa, juu ya mto wangu, kimefunikwa kwa kipande cha ukili. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mchele. Nilimsalimia akaitikia, na hatukusema zaidi ya hapo. Kuna mambo mkwe na mkwe hawawezi kuyasema, hata wakiyafanya.

Tuliishi hivyo miaka kadhaa. Nilikwenda kupima kila nilipopata nafasi, na kila mara sikuwa nao. Mume wangu alishikwa na kifua kikuu, akatumia dawa, akapona, akarudi Salale kwa misimu miwili. Kisha mwili ukakataa. Tembe hizi watu wanazotumia leo zilikuwa bado hazijafika kwetu. Tulimuuguza mimi na mama yake kwa zamu. Asubuhi moja, nikimnywesha uji, alikisukuma kikombe pembeni kidogo.

"Nilidhani utachoka," alisema.

"Nilichoka mara nyingi."

"Hukusema."

"Ningesema, tungekuwa wawili waliochoka."

Alitabasamu, akanywa uji wake ukabaki kidogo. Alifariki kiangazi, tukiwa tumeshavuna. Watu wa Salale walikuja kumzika, boti nzima, na wengine walikuwa wale vijana wa mfuko wa nailoni, sasa wana wake na watoto.

Nilikaa eda. Nilipotoka eda nikaamua kwenda kupima mara nyingine, niianze safari iliyobaki nikiwa najua. Wakati huo hakukuwa na haja tena ya kwenda Dar. Kibiti walikwisha kuanza. Mama mkwe alisema atanisindikiza. Ndugu zake walikuwa wamemwita arudi delta, wamemjengea, naye aliwajibu kwamba ana binti hapa. Alisema binti, hakusema mkwe.

Aliningoja kwenye benchi la nje, khanga kichwani, mkoba wake mapajani. Nilipotoka alisimama.

"Sina," nikamwambia.

Alifumba macho akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Nikadhani sasa tutakwenda kutafuta gari la kurudi. Lakini yeye akauliza mlango ni upi.

"Mlango wa nini, mama?"

"Wa kupima. Nami nipime."

"Mama, wewe una miaka mingapi bila mume? Utapima nini?"

"Mjukuu wangu amekwisha kuvunja ungo," alisema. "Siku ya kuolewa nitamleta hapa na huyo mwanamume wake, wote wawili, kabla ya ndoa. Wakiniuliza kama inauma, niwajibu nini?"

Akanipa mkoba wake niushike, akapandisha mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akaingia.